Treni ya mandhari: Kandy–Ella, Ankara–Kars au Bernina? Nalipia ndege Ijumaa

BintiPangani: Wakuu, habari za kutwa. Nimejibana mwaka mzima, sasa nataka safari moja ya nje, ya treni ya kutazama nchi. Siyo milima mitupu, nataka na historia yake ieleweke. Nimebakiwa na tatu: Sri Lanka (Kandy hadi Ella), Uturuki (Doğu Ekspresi, Ankara hadi Kars) na Uswisi (Bernina, inaishia Tirano upande wa Italia). Ipi bora? Nawasilisha.

Fundi Saa: Bora kwa nani? Bajeti hujataja, mwezi hujataja, pasi ya nchi gani hujataja, peke yako au na kundi hujataja. Mwaga data dada.

Kipanga wa Kibosho: Sri Lanka, usijiulize mara mbili. Ile reli Waingereza hawakuijengea watalii, waliijengea kahawa. Ilifika Kandy 1867, na miaka miwili tu baadaye kutu ya majani, ugonjwa wa kahawa, ikaingia mashambani. Ni kutu ileile tunayoipigia dawa huku Kilimanjaro (siyo chulebuni, ule ugonjwa mwingine wa kahawa, msichanganye). Kahawa ikafa, wakang'oa, wakapanda chai, na reli ikaendelea kupanda milima kufuata chai mpaka ikafika Badulla 1924. Kwa hiyo ukikaa dirishani ukaona chai mpaka upeo wa macho, jua pale palikuwa na kahawa. Na wanaochuma ni wajukuu wa vibarua wa Kitamil walioletwa kutoka India Kusini. Nchi ilipopata uhuru 1948 wengi wao walinyimwa uraia, wakahangaika miongo kadhaa. Historia unayoitaka ndiyo hiyo.

Mpemba Muscat: Kipanga kasema kweli, ila mimi namwambia Kars. Ni usiku mzima na mchana wake, karibu kilomita 1,300, na sehemu ya njia treni inafuata bonde la mto Frati. Mji wenyewe Warusi waliushika tangu 1878 hadi 1918, wakaacha mitaa iliyonyooka na nyumba za mawe meusi. Nje ya mji kuna Ani, uliokuwa mji mkuu wa Waarmenia, kanisa lake kuu lilikamilika 1001. Umesimama ukingoni, chini mto, ng'ambo Armenia, na mpaka umefungwa. Ukipata nafasi shuka Divriği pia, msikiti wa karne ya 13, mlango wake wa mawe umechongwa mpaka unajiuliza waliuchoka lini.

Shangazi wa Basel: Wote hawajamwambia habari ya viza. Uswisi na Italia ni Schengen, viza moja inatosha, lakini kuipata ndiyo kazi, na Ijumaa si mbali. Ukishaipata, usinunue tiketi ya yale mabehewa ya vioo. Panda treni ya kawaida, inapita reli ileile, na madirisha mengine yanafunguka. Inapanda hadi mita 2,253 pale Ospizio Bernina bila reli ya meno ya kuisaidia kupanda. Juu kuna maziwa mawili jirani: maji ya moja yanaishia bahari ya Adria, ya lingine bahari Nyeusi. Kisha inateremka mpaka kwenye mizabibu na minazi ya Tirano. Reli imekamilika 1910.

Fundi Saa: Minazi Italia?

Shangazi wa Basel: Miti ya mapambo inayofanana na minazi basi. Ushanielewa.

Jongoo Halali: Mimi niseme la Sri Lanka maana nimeumia. Nilinunua tiketi za viti maalumu kwa wakala wa mtandaoni, sitamtaja. Nafika Kandy, karatasi yangu mkaguzi anaigeuzageuza, ananiambia hii si tiketi, ni risiti ya maombi. Mabehewa ya viti yamejaa. Nikaingia daraja la tatu na begi langu, mlango umejaa wazungu wanaopiga picha wananing'inia nje, mvua inaingia, na ukiwa handakini moshi wa dizeli wote wako. Nimesimama mpaka Hatton, pale wanaposhuka mahujaji wa mlima Sri Pada. Mama mmoja akamkalisha mwanawe mapajani, akanisogezea nafasi ya nusu kitako. Wachuuzi wanapita, "wade, wade, wade", bajia zenye kamba wa baharini juu yake, zimefungwa kwenye karatasi ya daftari la shule. Yangu ilikuwa na hesabu za kugawanya, mtoto kapata tatu kwa kumi. Bajia ilikuwa tamu, sikatai. Ila tiketi nunua stesheni au shirika lao lenyewe, na mapema.

Kipanga wa Kibosho: Hilo ni kosa la wakala, si la reli. Na ukae kulia.

Jongoo Halali: Kulia mpaka stesheni ya Nanu Oya. Baada ya hapo kushoto.

Kipanga wa Kibosho: Nani kakwambia?

Kamau Relini: Mnasifu sana mita 2,253. Timboroa kwetu Kenya reli inapita juu ya mita 2,700 bana. Hakuna anayeandika.

Fundi Saa: Abiria wanapanda?

Kamau Relini: Mizigo. Lakini urefu ni urefu.

Fundi Saa: Haya. Na dada ameshapanda TAZARA? Mlimba hadi Makambako ni mahandaki na madaraja, Wachina na Watanzania wamechimba kwa jasho, 1970 hadi 1975. Mtu anaruka hiyo anakwenda kutafuta mlima Uturuki.

Mpemba Muscat: TAZARA uondoke nayo na likizo ya mwezi mzima, hujui itafika lini.

BintiPangani: Jamani, tusitoke nje ya mada. Mwezi ni Februari, pasi ya Tanzania. Na nilisahau kusema, naenda na mama. Ana miaka 68 na magoti yanamsumbua.

Fundi Saa: UNASAHAU MAMA?

Shangazi wa Basel: Sasa kila kitu kimebadilika. Kars Februari ni theluji na barafu, watu wanapanda magari ya farasi juu ya ziwa Çıldır lililoganda. Mzee mwenye magoti utamshusha vipi?

Mpemba Muscat: Ile treni ya kitalii ya majira ya baridi ina kabini za vitanda. Mama analala, analetewa chai, dirisha lake mwenyewe. Ani ndiyo hatembei, sawa, mteremko mwingi.

Kipanga wa Kibosho: Februari Ella ni kukavu na joto la kiasi. Ila lile daraja la matao tisa kulifikia ni kijia cha mteremko, alitazame kwa juu. Treni inapita juu yake ikishaipita Ella kuelekea Badulla.

Jongoo Halali: Na ngazi za behewa ni ndefu. Jukwaa liko chini.

Shangazi wa Basel: Mama mwenyewe anataka wapi?

BintiPangani: Nimemuuliza sasa hivi. Anasema kama ni hela ya kuchezea, nimpeleke Umra.

Mpemba Muscat: Basi treni ipo! Haramain, Makka hadi Madina kupitia Jeddah, kilomita 300 kwa saa, tangu 2018. Na Madina ile stesheni ya zamani ya reli ya Hijazi bado imesimama. Reli ilifika pale 1908 kutoka Dameski, mahujaji waliokuwa wakienda kwa ngamia zaidi ya mwezi wakawa wanafika kwa siku chache.

Kamau Relini: Hiyo ya Hijazi si ndiyo Waarabu na Waingereza waliilipua vita vya kwanza? Mwenye picha za hiyo stesheni aweke.