Nampeleka bi mkubwa Hong Kong wiki moja: kisiwa gani kinamfaa mtu mzima?

Kitunda Juu
Wakuu, habari za majukumu.

Mungu akijalia, mwezi wa kumi na moja nampeleka bi mkubwa Hong Kong kwa wiki moja. Ana miaka 66, magoti yanamsumbua kidogo, ndege hajawahi kupanda. Mbali alikowahi kufika ni Kigoma, kwa treni. Nataka siku za mwanzo azunguke mjini, halafu twende visiwani akapumzike. Nimesikia Cheung Chau, Lamma na Lantau. Kipi kinamfaa? Na lile basi la kwenda Tai O, huko huko Lantau, linasimama Shek Pik, au mtu anashuka mbele kisha anarudi kwa miguu? Suala la chakula pia, maana bi mkubwa ni Mwislamu na hali ovyo.

Naombeni ushauri, usingizi sipati.

Tosamaganga
Hong Kong kufanya nini? Hela hiyo mpeleke umra, mama akuombee dua mpaka ushangae. Haya mengine ni mbwembwe za picha za mtandaoni.

Kijiko Kimoja
Naweka kambi hapa. Mimi hata Mafia sijafika.

Baharia Mstaafu
Kule napafahamu, ngoja nikupe mwanga. Mtanzania hahitaji kuomba viza mapema kwa matembezi mafupi, lakini usibweteke. Uhamiaji pale uwanjani watakuhoji kwa kituo: unalala wapi, una kiasi gani, unarudi lini. Tembea na karatasi ya hoteli na tiketi ya kurudi mkononi, na mama asijibu tofauti na wewe.

Lala Tsim Sha Tsui. Msikiti mkubwa wa Kowloon uko pale pale Barabara ya Nathan, na hatua chache kutoka hapo ndipo lilipo jengo la Chungking Mansions, ghorofa 17, ambako ghorofa za chini utapata biriani, chapati na nyama halali mpaka usiku. Kula hapo ila usimlaze mama hapo. Vyumba ni vya kubanana na lifti zina foleni kama ya mwendokasi saa kumi na mbili jioni. Nunua kadi ya Octopus siku ya kwanza, inalipia treni, basi, boti, hadi maji dukani.

Visiwani: Cheung Chau ndiyo jibu lako. Boti zinatoka Central, gati namba 5, ya kawaida ni kama saa nzima na ya haraka ni pungufu. Hakuna magari ya kawaida kule, watu wanatembea na kuendesha baiskeli, ufukwe uko karibu na gati. Lamma ni nzuri kwa vijana wenye miguu, ile njia ya kutoka Yung Shue Wan mpaka Sok Kwu Wan ina vilima, magoti yatalalamika. Lantau kuna sanamu kubwa ya Buddha, ngazi 268, hizo mwache mama azitazame kutoka chini. Tai O mpeleke: nyumba za wavuvi zimesimama juu ya nguzo majini, na samaki wakavu wameanikwa kila kona.

Novemba umechagua vizuri, joto limepungua na vimbunga vya kiangazi kwa kawaida vimepita.

Mama Shufaa
Mie nilimpeleka mama yangu Dubai. Jamani! Siku ya pili akaanza kuulizia mchicha. Tumesimama chini ya lile ghorofa refu kuliko yote duniani, yeye ananiuliza kuku wake nani anawafungia banda. Wazee wetu wanataka kukaa na wewe tu, hata ukimpeleka Bagamoyo atashukuru.

Kitunda Juu
Ahsante sana Baharia, umenifungua macho. Ila la Shek Pik hujanijibu.

Baharia Mstaafu
Sijajibu makusudi. Shek Pik una nini mkuu?

Kitunda Juu
Nimeona kwenye ramani kuna bwawa na ufukwe. Nikasema mama atapenda.

Baharia Mstaafu
Bwawa lipo, na basi linapita juu ya ukuta wake. Linasimama, namba 11 ukitokea Tung Chung, namba 1 ukitokea Mui Wo. Lakini watu wanaoshuka pale nawajua ni wa aina mbili: wapanda milima, na wenye ndugu ndani. Ukishuka, chini yako kuelekea baharini unaliona gereza. Mama mwenye magoti mabovu hapandi milima. Nani yuko ndani?

Kijiko Kimoja
Duh. Mkeka umechanika.

Kitunda Juu
Ni mdogo wangu. Alikamatwa uwanja wa ndege na mzigo tumboni, akakiri, kifungo kikapunguzwa, lakini bado ni miaka mingi. Bi mkubwa anajua kijana wake ni baharia kwenye meli za mizigo. Barua anazoniandikia mimi ndiye ninayemsomea mama, naruka panaporukwa.

Mpango wangu ni huu, na tafadhali msinishambulie kwa sababu tiketi nimeshakata na hairudishwi. Siku tatu za kwanza anafurahi, anaona taa, anapanda boti, anakula. Ya nne tunalala Cheung Chau. Ya tano asubuhi namwambia, tunakwenda. Akiwa ameshatulia ataipokea vizuri kuliko nikimwambia hapa Kitunda, majirani wamejaa uani.

Swali langu lilikuwa kuhusu basi na kisiwa. Naomba tubaki hapo.

Tosamaganga
Hatubaki hapo. Unamvusha mama bahari nzima kumbe unampeleka gerezani? Huko si kumtembeza, ni kumtega. Mwambie kabla hajapanda ndege, achague mwenyewe.

Nyakabungo
Wenye kulaumu hawajapitia. Kaka yetu alikuwa Butimba, sisi tukimwambia mama yuko machimboni Geita. Mama akaja kuambiwa msibani, na mwanamke aliyekuwa akikatakata vitunguu, tena akidhani anampa pole. Mpaka leo mama hajatusamehe, kaka ameshatoka na kuoa, yeye kamsamehe siku ile ile. Alichosema ni kimoja tu: "Mlikuwa mnanicheka." Hatukuwa tunamcheka hata kidogo, lakini utamwelezaje?

Mwambie nyumbani. Majirani ni majirani.

Mwana wa Kisauni
Poleni sana kutoka Mombasa. Vijana wetu nao wameishia huko huko. Kuna padri wa Kikatoliki wa kule, John Wotherspoon, tangu 2013 alikuwa akiweka mtandaoni barua za wafungwa, zikiwemo za Watanzania, wakiwaonya wenzao wasikubali kubeba. Kwa dawa za kulevya sheria ya Hong Kong inafika hadi kifungo cha maisha. Na anayemtuma kijana, ye mwenyewe yuko kwake anakunywa chai.

Doto Mbishi
Samahanini wajumbe, mimi naona chai kwenye uzi wenyewe. Nimepita kwenye nyuzi zake za nyuma. Mwezi wa nne huyu huyu alikuwa anatafuta bodaboda ya mkataba, anaomba asilipe kianzio. Leo ana tiketi mbili za Hong Kong na hoteli Tsim Sha Tsui? Halafu mama ambaye hajapanda ndege, pasipoti kaipata lini bila kuuliza anaifuatia nini? Huyu ni mwandishi wa simulizi anatupima. Sehemu ya pili itakuja na namba ya malipo.

Kijiko Kimoja
Doto leo umeamka na meno. Ila hoja ya bodaboda ni nzito, ajibu.

Mama Shufaa
Na mimi nilishaanza kulia hapa kazini.

Kitunda Juu
Sijaomba mtu hela na siombi. Pasipoti nilimwambia bi mkubwa ni ya umra, Tosamaganga utafurahi. Hela nimeuza kiwanja cha Chanika.

Doto Mbishi
Kiwanja cha nani? Mtu mwenye kiwanja Chanika hahangaiki na mkataba wa bodaboda.

Kitunda Juu
Cha mdogo wangu. Alikinunua baada ya safari yake ya kwanza, ile aliyorudi salama. Hati zilikuwa kwangu.

Nyakabungo
Subiri kidogo. Yeye anajua kama kimeuzwa?

Kitunda Juu
Kwamba nakuja anajua. Kiwanja hajui.

Baharia Mstaafu
Na kwamba unakuja na mama?

Kitunda Juu
Hapana. Angekataa.

Tosamaganga
Kwa hiyo mama hajui anakokwenda, mwana hajui nani anakuja, na nauli yenyewe ni ya unga. Mimi nimeishiwa maneno, na si kawaida yangu.

Kitunda Juu
Kile kiwanja kingekaa mpaka kivamiwe. Afadhali kimfikishe mama kwa mwanawe. Ana sukari, wakuu. Akitoka huko, sina hakika mama atakuwepo. Mnavyohukumu utadhani nimekwenda kula bata.

Baharia Mstaafu
Sikuhukumu, nakupa utaratibu. Aliyehukumiwa anaruhusiwa wageni mara mbili kwa mwezi, kila mara nusu saa, wasiozidi watatu. Nusu saa tu! Sasa ipange hiyo nusu saa: dakika kumi mama analia, kumi mdogo wako anakukasirikia mbele ya mama kwa kumleta bila kumwambia, na akianza kukuuliza habari za nyumbani utamjibu nini kuhusu Chanika? Na akigoma kabisa kutoka siku hiyo je? Mmevuka bahari, mnarudi na basi namba 11.

Muandikie leo, barua inachukua muda. Mwambie mama anakuja, aulize pia kama nafasi zake mbili za mwezi huo bado zipo, maana kuna watu wa kanisani hutembelea wafungwa wa kigeni na anaweza kuwa ameshawaahidi. Mama mwambie ukiwa na shangazi au dada yake pembeni. Bahasha ya vyeti vinavyoonyesha undugu usiisahau, cha kuzaliwa cha mdogo wako na pasipoti zenu. Na siku ya gereza msilale Cheung Chau, utapoteza asubuhi kwenye maboti. Laleni Tung Chung au Mui Wo, mko kisiwa kimoja nalo.

Kitunda Juu
Mui Wo nitaangalia hoteli. Barua nitaandika. La mama niachieni kwanza.

Doto Mbishi
Bado sijaamini, ila kama ni kweli, pole.

Kijiko Kimoja
Mkuu Kitunda, samahani kwa kuingilia, huko Sham Shui Po nasikia simu zilizotumika ni bei ya kutupa. Ukipata nafasi niangalizie moja.

Baharia Mstaafu
Kijiko, fungua uzi wako.