Chupa ya matone imegusa kope baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho: itumike au itupwe?

Swali

Habari zenu, ndugu. Mama yangu alipasuliwa mtoto wa jicho, jicho la kulia, siku sita zilizopita, na mimi ndiye ninayemtilia matone: moja la kuzuia maambukizi, jingine la kupunguza uvimbe. Jana usiku alipepesa ghafla, ncha ya chupa ikagusa kope zake. Niliifuta kwa kitambaa safi nikaendelea, lakini moyo haujatulia. Isitoshe, jicho la kushoto litapasuliwa mwezi ujao, nami ningependa kujua kama dawa itakayobaki inaweza kutumika huko.

Jibu la kwanza

Nimekuwa muuguzi wa wodi ya macho kwa miaka mingi. Kuifuta ncha hakukusaidia, kwa sababu kitambaa kinachoonekana safi hakijatakaswa. Bakteria wanaoshambulia ndani ya jicho baada ya upasuaji mara nyingi hawatoki mbali. Huishi kwenye kope na ngozi ya mgonjwa mwenyewe, na ndiyo maana jicho huoshwa kwa povidoni-iodini, dawa ya kuua vijidudu, kabla ya kupasuliwa. Unapoiachia chupa baada ya kuiminya, hufyonza hewa pamoja na unyevu uliobaki kwenye ncha, hivyo kilichokuwa kwenye kope huweza kuingia ndani ya dawa.

Omba chupa mpya, na upige simu leo badala ya kuacha dawa kimyakimya, maana kukatisha dozi nako kuna hatari yake. Jicho la kushoto nalo lianze na chupa zake, hata kama za sasa zitabaki nusu.

Jibu la pili

Naomba nitofautiane kidogo. Dawa nyingi za matone huwa na kihifadhi, kama vile benzalkoniamu kloridi, ambacho kazi yake ni kuua vijidudu vinavyopenya. Tukisema chupa itupwe kila inapogusa kope, wazee wanaojitilia wenyewe kwa mikono inayotetemeka watahitaji chupa mpya kila siku.

Jibu la tatu

Hoja hiyo ina uzito kwa jicho lisilo na jeraha, lakini jicho la siku sita lina mkato ambao mara nyingi haukushonwa, bali umeachwa ujifunge wenyewe. Kihifadhi hupunguza vijidudu, hakiwamalizi wote; ndiyo maana dawa nyingi za namna hii hutupwa wiki nne baada ya kufunguliwa, hata kama tarehe iliyochapwa kwenye chupa bado iko mbali. Mwaka 2023 nchini Marekani, bakteria sugu aina ya Pseudomonas walihusishwa na machozi bandia (matone ya kulainisha macho makavu) yasiyo na kihifadhi: watu 81 katika majimbo 18 waliathirika, 14 wakapoteza uwezo wa kuona, na wanne wakafariki. Lawama hapo iliangukia zaidi kiwanda kuliko mikono ya watumiaji, lakini ilionyesha jinsi tone lililochafuka linavyoweza kudhuru.

Kuhusu mikono inayotetemeka, mgonjwa alale chali, nawe baada ya kunawa kwa sabuni uegemeze mkono wenye chupa kwenye paji la uso wake, uvute kope ya chini, na uachie tone kutoka juu kidogo bila kugusa chochote. Subiri dakika tano kabla ya dawa ya pili. Maumivu yakiongezeka, uoni ukififia baada ya kuwa umeanza kurudi, wekundu ukizidi au usaha ukitoka, mfikishe kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Muulizaji

Asanteni sana. Nimepiga simu, nimeambiwa nifuate chupa mpya leo mchana, na jicho halimuumi. Ila nikiri jambo moja ambalo sikuliandika mwanzoni: nilikuwa nakibana kifuniko kwa meno wakati wa kumtilia dawa.