Nani anasaidia kujaza mkopo wa chuo bure hapa Tanga?

Kaka_Ngamiani: Habarini, mdogo wangu kamaliza fomu siksi anataka kuomba mkopo Bodi ya Mikopo, kuna steshenari hapa wanataka elfu 20 ya kumjazia tu, na ile elfu 30 ya maombi iko palepale. Hakuna wa kusaidia bure jamani? Mi simu yangu ya tochi.

MamaZai: Pole kaka. Usikubali wamfungulie akaunti kwa imeli yao, mi walinifanyia hivyo paswedi wakabaki nayo, siku ya kurekebisha nikasota wiki nzima. Aende kwa mwalimu wake wa zamani, wengi hawakatai.

Mzee wa Makorora: Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe kwanza RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, hapo ndo wengi wanakwama. Fomu ikitoka aiprinti, serikali ya mtaa wagonge muhuri, asaini wakili au hakimu, ndo aiskani airudishe. Kaya iko TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini?

Kaka_Ngamiani: Iko, bi mkubwa analipwa. Kumbe inahusika?

Mzee wa Makorora: Sana tu, ajaze namba ya kaya ya TASAF. Mpakie kwenye baiskeli mje jioni, laptop ninayo, bando mje nalo.