Nimepata 90% kwamba uhai huanza kirahisi. Hesabu hii itasimama?

Mwalimu_wa_Zamu: Wakuu, habari za jioni. Ijumaa nina mada kwenye klabu ya sayansi shuleni: je, kuna uhai kwingine? Dunia ina miaka bilioni 4.5, na miamba ya Pilbara, Australia, ina alama za vijidudu vya miaka kama bilioni 3.5 iliyopita. Haukuchelewa sana. Nikatumia kanuni ya Bayes, ile ya kurekebisha makadirio ukipata ushahidi mpya, nikaanza nusu kwa nusu: uhai ni rahisi au ni nadra. Uhai ukiwa rahisi, nafasi ya kuanza mapema nimeweka 0.9; ukiwa nadra, 0.1. Jibu 90%. Niende nayo, au kidato cha sita watanibana?

Kipimajoto: Watakubana, mkuu. Hiyo 0.1 ndiyo yenye tatizo. Kutoka vijidudu hadi kiumbe anayeuliza maswali imechukua zaidi ya miaka bilioni 3. Uhai ungechelewa sana, Jua lingezidi kuwaka na bahari kukauka kabla hatujatokea. Kwa hiyo anayeuliza kuna uwezekano mkubwa ajikute kwenye sayari iliyowahi, hata kama uhai ni nadra. Weka 0.5 uone: unashuka hadi 64%.

Bi_Takwimu: Na hiyo nusu kwa nusu nani kakupa? Mwenzako akianza na 1%, kwa 0.9 na 0.5 hizo hizo, anaishia 1.8%. Ushahidi haujamtikisa. Watafiti Spiegel na Turner walilionyesha hili mwaka 2012. Mwanaastronomia Kipping akarudia kwa njia yake mwaka 2020, akapata kama 3 kwa 1 upande wa uhai kuanza upesi. Hiyo ni ya kuwekea dau, si ya kuapia.

mvuvi_wa_anga: Mnamtisha mwalimu bure. Sayari ziko mabilioni!

Bi_Takwimu: Mabilioni mara ngapi, ndugu yangu? Hiyo "ngapi" ndiyo inayotafutwa hapa.

Mwalimu_wa_Zamu: Sasa vijana niwape nini?

Kipimajoto: Kila mmoja achague pa kuanzia, akokotoe, mlinganishe ubaoni. Halafu waulize: vijidudu vikipatikana Mirihi, na vikipatikana Enceladus, mwezi wa Zohali, kipi kitasogeza hesabu zaidi? Wengi watasema sawa tu. Lakini kuna vimondo vilivyotoka Mirihi vikaanguka hapa Duniani, na huenda vilibeba vijidudu, kwa hiyo vijidudu vya huko huenda ni ndugu zetu wa damu. Enceladus iko mbali mno, udugu huo ni mgumu kuudai. Vya huko vikithibitika vilianza vyenyewe, yule wa 1% itabidi akokotoe upya.