Tupeane uzoefu: kushona nguo kutokana na fulana kuukuu

Habari zenu wadau. Nina rundo la fulana zisizovalika tena: hii imelegea shingo, ile imetoboka kwapani, lakini migongo yake bado mizima. Kuzigeuza matambara ya kudekia roho inaniuma. Juzi nimekata moja ya mume wangu nikamshonea binti yetu wa miaka 3 gauni. Pindo la fulana nimeliacha lilivyo, likawa ndilo pindo la gauni. Shida ni shingo, imejaa mawimbi na haitaki kulala. Wenzangu mlianzaje, na nini kiliwashinda?

*

Hongera dada. Mawimbi hayo yalinitesa karibu mwaka mzima, nikawa nalaumu cherehani. Kumbe nilikuwa nakivuta kitambaa kwa mkono. Kitambaa cha fulana kimefumwa kwa vitanzi. Ukikishona huku umekivuta, mshono unakifunga kikiwa kimerefuka na hakirudi tena. Kiongoze tu, meno ya cherehani yakipeleke yenyewe.

Angalia na sindano. Yenye ncha kali inakata nyuzi, na baada ya kufua mara mbili tatu unaona vitundu kandokando ya mshono. Tafuta ya ncha ya mviringo, inayopenya kati ya vitanzi bila kuvikata. Namba 75 au 80 inatosha kwa fulana nyepesi. Tumia zigizaga nyembamba, maana mshono wa kunyooka utakatika siku mtoto akiingiza kichwa kwa nguvu.

Sasa shingo yenyewe. Ukanda wa kuzungushia shingo lazima uwe mfupi kuliko tundu la shingo. Mimi hukata asilimia 85 hivi: tundu likiwa sm 40, ukanda sm 34, halafu naongeza nafasi ya mshono. Gawa ukanda na tundu sehemu nne nne, zikutanishe kwa pini, kisha wakati wa kushona vuta ukanda peke yake mpaka ulingane na gauni. Ukimaliza piga pasi ya mvuke kwa kubonyeza na kuinua. Ukiiburuta, unakivuta kitambaa upya.

*

Mimi sina cherehani, nashona kwa mkono, ule mshono wa kurudi nyuma, na kila baada ya mishono michache nalegeza uzi kidogo. Nguo za mwanangu za kulalia zote ni za hivyo na zinafuliwa kila wiki. Asiye na cherehani asisubiri.

*

Kosa langu lilikuwa kukata bila kuangalia upande wa mvutiko. Fulana huvutika zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Nikalaza kipande kiubavu ili kitoshe, nikapata suruali ya mtoto isiyopita mapajani. Fulana nzima ikaharibika, na nilikuwa naipenda. Masalia yake nilikata vipande virefu vya sm 2, nikavivuta vikajikunja vyenyewe kama kamba. Hadi leo ndiyo mikanda ya kiunoni ninayotumia.

*

Baba alipofariki tuligawana fulana zake. Nyingine zilikuwa zimepauka mabegani kwa jua. Sikuweza kuzivaa wala kuzitoa, zikakaa kwenye sanduku miaka miwili. Mwisho nikamshonea kila mjukuu wake kifulana kimoja. Ushauri wangu: kama fulana ina maandishi au picha kifuani, igeuze ndani nje kabla ya kupiga pasi. Ya kwanza niliipiga juu ya maandishi yakayeyuka na kugandia pasi, nikalia kweli. Na msione haya kuacha kiraka. Kile cha kiwiko baba alikishona mwenyewe, nami nilikikata kwa uangalifu kikaangukia kifuani.

*

Mwanzisha mada narudi. Jana usiku nimefumua shingo yote nikakata ukanda upya. Tundu lilikuwa sm 42, ukanda nikaukata sm 36 bila kuhesabu nafasi ya mshono. Umelala! Binti amekataa kulivua gauni, amelala nalo. Kaka wa fulana za baba, pole sana, na asante. Nimetoa zile za mama yangu sandukuni, kesho naanza na ya bluu.