Majirani wa Luchelele: Fito za Matango

Mama Neema: Mwangaluka majirani. Matango yangu yanatambaa chini, yanaozea kwenye udongo. Nimeulizia mirunda, ile miti ya kujengea, kwa bei ile bora ninunue matango yenyewe sokoni 😅 Mnatumia nini?

Baba Kulwa: Mwangaluka mayu! Mirunda ya nini, unajenga ghorofa? Kata matete kule korongoni kwangu.

Mama Neema: Yanadumu?

Baba Kulwa: Msimu mmoja tu. Yaanike kwanza, mabichi yanapinda.

Rehema: Mimi nilichukua nyavu chakavu mwaloni kwa wavuvi, bure. Tango likapanda vizuri sana. Asubuhi moja nakuta kenge amenasa, ananitolea macho. Nikamwita mume wangu, naye akamwita jirani 🤣

Baba Kulwa: Jirani mwenyewe ni mimi. Ule mkia ulinichapa gotini.

Bibi Doto: Nyavu za nailoni haziozi, mtazilima na jembe miaka yote. Tafuteni matawi ya mlusina yenye panda, umejaa njiani.

Elia: Bibi, mlusina mie sitaki kuusikia. Nilisimika fito 12 kwenye maharage yale yanayotambaa juu ya fito. Mvua ya Novemba ilipokolea, saba zikachipua. Nikapata msitu, maharage yakakaa kivulini.

Bibi Doto: Ulizisimika na maganda yake?

Elia: Ndiyo bibi 🙈

Bibi Doto: Haya. Menya gome lote, majani wape mbuzi. Anika mpaka zikauke kabisa. Ncha ya chini ibabue motoni iwe nyeusi, mchwa watachelewa kuila.

Mama Neema: Urefu je?

Bibi Doto: Tango likufike kichwani yatosha. Maharage yanayotambaa yanataka mita 2 na zaidi.

Mama Neema: Ila kwangu ukichimba kiganja kimoja tu, jiwe 😩

Baba Kulwa: Mwanza hii, nani hana jiwe? Simamisha fito tatu, zikutane juu, funga. Hazihitaji shimo refu.

Elia: Kamba tumia ya mgomba, iloweke kwanza isikatike. Tango litajishika lenyewe, nyanya ndiyo ya kufunga. Usikaze, shina linanenepa.

Mama Neema: Asanteni jamani. Baba Kulwa, kesho nipitie panga lako nikakate matete?

Baba Kulwa: Panga liko kwa Rehema tangu siku ya kenge.

Rehema: 🚫 Ujumbe huu umefutwa