Mkonga uuzwe au ubaki? Gumzo la kikundi cha ukoo

Rashidi (Dar), 19:04
Shikamoo Baba, shikamoo Mama, shikamoo Shangazi. Poleni na mvua. Nimepitia risiti za mafuta ambazo Mwanaidi kanitumia. Mwezi uliopita mkonga, yaani Land Cruiser ya Baba, umekunywa lita 337. Kwa 2,800 kwa lita ni shilingi 943,600. Jamani, hiyo ni ada ya mtoto. Naomba leo tulizungumze tulimalize.

Shangazi Mwajuma, 19:06
Marahaba mwanangu. Mvua imetulia, ila njia ya huku juu ni tope tupu.

Rashidi (Dar), 19:09
Pendekezo langu: tuuze Land Cruiser, tununue kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Injini ya sisi (cc) 660, ukiweka lita moja unakwenda kilomita 12 bila wasiwasi. Pesa itakayobaki tunanunua pampu ya maji na mipira ya shamba la bondeni. Kuna mtu hapa Dar ananiulizia mkonga kila wiki, gari hizi hazikai sokoni.

Hamza, 19:10
Kaka, kirikuu kipande kutoka Mlalo kuja kwetu masika? Na gunia ngapi?

Rashidi (Dar), 19:11
Magunia matatu. Vinapanda Soni kila siku, nimeviona.

Hamza, 19:12
Soni ni lami. Huku kwetu hapana lami.

Mama, 19:15
Mzungumze taratibu. Baba yenu anasikiliza, Mwanaidi anamsomea.

Mwanaidi, 19:21
Kaka Rashidi, hesabu yako ya lita 337 ni sahihi, niliziandika mimi. Lakini tuitazame kwa gunia, siyo kwa kilomita. Kutoka hapa nyumbani hadi Mombo na kurudi ni kama kilomita 140. Mkonga ukiwa na mzigo kwenye milima hii unakwenda kilomita 6 kwa lita, kwa hiyo lita 24 kwa safari, 67,200. Ukibeba magunia kumi ya viazi, kila gunia limelipa 6,720.
Kirikuu kwa safari hiyohiyo kitakunywa lita 12, tuchukulie petroli na dizeli bei moja ili isitusumbue. 33,600. Ila kinabeba matatu. Kila gunia limelipa 11,200. Na magunia kumi yatataka safari nne, lita 48. Mara mbili ya mkonga.

Shangazi Mwajuma, 19:23
Na viazi vya safari ya nne vitafika soko limeshafungwa. Mnunuzi wa Dar hasubiri, Fuso ikijaa inaondoka.

Rashidi (Dar), 19:26
Sawa, hapo umenishika. Basi siyo kirikuu. Hilux ile ya 2.4 ya dizeli. Inabeba tani moja kama mkonga. Binamu yetu anayo, anapata kilomita 10 kwa lita akiwa na mzigo. 140 gawa kwa 10 ni lita 14. Tunaokoa lita 10 kila safari ya Mombo, shilingi 28,000. Safari tisa kwa mwezi ni 252,000. Mwanaidi, hiyo nayo nipingie.

Mwanaidi, 19:27
Siipingi. Ni kweli.

Hamza, 19:28
Hilux haina nguvu ya mkonga.

Mjomba Athumani (Arusha), 19:34
Hamza, hapo si sahihi mwanangu, na mimi nimeshika spana miaka mingi tuseme kweli. Mkonga wenu una injini ya 1HZ: sisi 4,164, pistoni sita, haina tabo ya kuisukumia hewa. Nguvu yake ya kuvuta ni kama Nm 285. Hilux ya 2.4 ina tabo, sisi pungufu sana, lakini inavuta Nm 343 ya gia za mkono na 400 ya otomatiki. Kwenye mlima Hilux itakuacha.
Tena huko kwenu ni juu. Lushoto mjini penyewe ni kama mita 1,400, nyinyi mko juu zaidi. Hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kidogo, pampu yake ya mekanika inaendelea kumwaga dizeli kiasi kilekile kama iko Tanga ufukweni. Ndio ule moshi mweusi mnaouona mkipanda. Moshi ule ni pesa inayotoka bila kufanya kazi.

Rashidi (Dar), 19:35
Ahsante Mjomba!

Mjomba Athumani (Arusha), 19:41
Ngoja sijamaliza. Sasa upande wa pili. Hilux mbele kila tairi linacheza peke yake, ni laini, raha kwenye lami. Mkonga mbele una eksili ngumu nzima. Kwenye mawe na mitaro yenu, ukiwa na tani mgongoni, ile eksili inavumilia miaka. Hilux mtabadilisha bushi na bolijointi mpaka mchoke.
Halafu mafuta yenyewe. Hilux ina injekta za umeme zenye presha kubwa sana, maji kidogo au uchafu zinakufa, na injekta nne si pesa ya mchezo. 1HZ haina kompyuta. Nozeli zikichafuka fundi wa Mlalo anazifungua, zinapimwa, mnaendelea. Mnanunua dizeli wapi mkiishiwa huko juu?

Hamza, 19:42
Kwenye madumu dukani.

Mjomba Athumani (Arusha), 19:42
Basi mmejijibu.

Baba, 19:50
🎤 Ujumbe wa sauti, 2:13

Mwanaidi, 19:57
Naandika alichosema Baba kwa ambao bando ni dogo. Anasema: "Gari hili nilinunua kwa fedha ya kabichi za misimu mitatu. Sikununua ili lisile mafuta, nilinunua ili nisilale njiani. Usiku ule mke wa jirani alipozidiwa na uchungu, mvua inapiga, bodaboda zote zilikataa. Mkonga ulishuka hadi hospitali Lushoto na mtoto yule leo anakimbia hapa uwanjani. Nani ataniandikia hiyo kwenye hesabu ya lita? Lakini na mimi naona fedha inavyotoka. Rashidi hakukosea kuuliza. Nataka kujua inaishia wapi."

Rashidi (Dar), 19:59
Nimekusikia Baba. Usiku ule naukumbuka, nilikuwa kwenye simu mpaka saa nane.

Mwanaidi, 20:08
Baba kauliza inaishia wapi, basi nimefungua daftari. Mwezi uliopita gari limetoka mara 26. Mara tisa tu lilikwenda Mombo limejaa. Hizo ni lita 216, na kila moja ilirudisha fedha yake na zaidi.
Mara 17 zilizobaki ni za hapa karibu, Mlalo na Lushoto, wastani wa kilomita 50 kwenda na kurudi. Hapo gari likiwa tupu linakwenda kilomita 7 kwa lita. Kilomita 850, lita 121, karibu shilingi 339,000. Nne zilikuwa za lazima: wagonjwa wawili na msiba wa kule bondeni, siku mbili. Hizo haziguswi.
Zimebaki 13. Naandika kama zilivyo kwenye daftari: kununua dawa ya ukungu, chupa mbili. Kumpeleka Hamza benki. Kufuata gunia moja la mbegu. Kuchaji simu na kununua vocha siku umeme ulipokatika. Harusi, watu watatu. Kufuata spea ya jenereta, tukaikosa, kesho yake tena.
Safari 13 hizo ni lita 93. Shilingi 260,400. Kaka, ni nyingi kuliko zile 252,000 ambazo Hilux ingetuokolea Mombo.

Shangazi Mwajuma, 20:10
Subhanallah.

Hamza, 20:11
Ya vocha nakiri. Sikuwahi kuijumlisha hivyo.

Rashidi (Dar), 20:16
Hesabu nzuri dada. Lakini Hilux ingepunguza na hizo 13 pia. Usiisahau.

Mwanaidi, 20:20
Ingepunguza. Ila safari ambayo haikuhitaji gari haihitaji Hilux pia. Chupa mbili za dawa zinapanda bodaboda. Bodaboda nayo inalipwa, sisemi 260,400 yote itabaki mfukoni, lakini sehemu kubwa itabaki. Na kuhamia Hilux nzuri tutaongeza fedha juu ya bei ya mkonga. Tuseme milioni 20. Gawa kwa 252,000, ni miezi 79. Miaka sita na nusu kabla hatujarudisha, kama hakuna injekta itakayokufa katikati.

Rashidi (Dar), 20:24
Miaka sita na nusu ni mingi. Sawa. Nilikuwa naangalia bei ya lita tu, maana kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wasimamizi wa bei za mafuta, wakitangaza bei moyo unaruka. Na tangu 2017 ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilivyofutwa ikahamia kwenye mafuta, shilingi 40 kila lita, gari linalokunywa sana ndilo linalolipa sana. Ndio maana nasumbuka, siyo kwamba silipendi gari la Baba.

Mama, 20:25
Tunajua baba.

Mjomba Athumani (Arusha), 20:31
Kama linabaki, basi msiliache linywe hovyo. Hamza nijibu. Loki za matairi ya mbele umezifungua lini?

Hamza, 20:33
Loki gani Mjomba, zile za kuzungusha kwa mkono kwenye habu? Nilizifunga masika yalipoanza.

Mjomba Athumani (Arusha), 20:35
Na hujafungua mpaka leo, hata kwenye lami ya Lushoto kwenda Mombo? Kwa hiyo unazungusha shafti na difu ya mbele kilomita zote hizo bure. Ukifika lami shuka, weka FREE. Ukirudi kwenye tope, LOCK. Dakika moja.
Upepo wa matairi je?

Hamza, 20:36
Napima kwa kupiga teke.

Mjomba Athumani (Arusha), 20:38
Nunua geji kesho. Tairi laini likibebeshwa tani linaburuta gari, na linapasuka. Halafu nozeli zikapimwe, fulita ya hewa ibadilishwe, mmelima vumbi kiangazi chote. Na mkanda wa taimingi, kilomita 100,000 ndio mwisho wake, usingoje ukatike, ukikatika valvu zinagonga pistoni na hapo hatuzungumzii tena lita.

Mwanaidi, 20:39
Ulibadilishwa gari likiwa na 212,000. Sasa lina 298,000. Nimeweka alama.

Mjomba Athumani (Arusha), 20:40
Hongera. Baki 14,000 tu, anzeni kuweka akiba.

Hamza, 20:43
Mjomba, kuna kitu kimoja mimi nafanya kuokoa. Nikishuka Soni kwenda Mombo naweka nyutro, gari linaserereka lenyewe.

Mjomba Athumani (Arusha), 20:44
ACHA LEO.

Mjomba Athumani (Arusha), 20:49
Nakuomba kama mjomba wako. Kwanza haiokoi. Ukishuka na gia bila kukanyaga mafuta, matairi ndiyo yanazungusha injini, pampu inafunga dizeli kabisa. Ukiweka nyutro injini inabidi inywe ya silensa, yaani ya kuunguruma tu, ili isizime. Kwa hiyo unakunywa zaidi, siyo kidogo. Pili, gia ndiyo inayolishika gari. Ukiwa nyutro na magunia kumi, breki peke yake zinashika tani zote kwenye kona zile, zinachemka, kisha zinakataa. Shuka gia ya tatu, kona kali gia ya pili.

Mama, 20:50
Hamza umesoma?

Hamza, 20:50
Nimesoma Mama. Sirudii.

Baba, 20:55
🎤 Ujumbe wa sauti, 0:48

Mwanaidi, 20:59
Baba anasema: gari haliuzwi. Kuanzia sasa halishuki Mombo bila magunia nane, na halizidi kumi, hata mwenye gunia akilia, na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, hataki kuiona. Chini ya nane tunangoja, au tunachanganya na jirani kwa nauli. Safari ndogo ni bodaboda. Mgonjwa na msiba hakuna mtu wa kuuliza daftari. Funguo zinakaa kwa Mama.

Shangazi Mwajuma, 21:02
Nimefurahi. Na kurudi je? Kila Alhamisi naliona linapanda tupu, watu wa huku wanalia saruji na mbolea.

Hamza, 21:06
Mifuko 20 ya saruji ndiyo tani moja. Kupanda na mzigo litakunywa zaidi ya lita 24, hilo niwe mkweli. Lakini nauli ya mifuko 20 inalipa mafuta ya kwenda na kurudi, nimeshasikia wenzangu wanavyotoza. Mwenye duka la juu ameniuliza mara mbili.

Rashidi (Dar), 21:09
Hapo ndipo nilitakiwa kuanzia, siyo kuuza. Mwanaidi, ongeza safu kwenye daftari: limerudi na nini. Mwisho wa mwezi nitumie. Nozeli na geji nalipa mimi, natuma kesho asubuhi.

Baba, 21:11
🙏🏾

Hamza, 21:14
Kesho naondoka saa kumi na moja alfajiri. Nina magunia saba mpaka sasa, viazi sita na karoti moja. Hayajatimia nane.

Shangazi Mwajuma, 21:15
Nina kabichi, gunia mbili. Ziko tayari kwenye njia panda, nimezifunika turubai.

Mama, 21:16
Njoo uchukue funguo.